Waambie Wawashe Mashine

Nilipokuwa mtoto nilijua kwamba kichaa haogeshwi. Sikufundishwa darasani wala kanisani. Nililijua tu, kama nilivyojua kwamba moto unaunguza na kwamba mgeni hapewi maji kwa mkono wa kushoto. Lilikuwa kwenye hewa ya kijiji chetu, huko Mbozi, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mlowo, pamoja na harufu ya maganda ya kahawa na moshi wa mikaratusi. Leo nina watoto wangu, nafundisha shule ya msingi Vwawa, lakini nikilikumbuka jambo hilo asubuhi, chai inanishinda kunywa kwa hasira.

Kwetu kuna neno ndagu. Mtu akiezeka bati haraka, akinunua gari, akifungua duka likajaa, watu hawaulizi amelima ekari ngapi. Wanauliza amemtoa nani. Ndagu ni dawa ya utajiri, na inasemekana inataka mtu wa nyumbani mwako. Si lazima afe. Anaweza kuharibiwa akili tu, akakaa kando ya mali kama mlinzi. Na mlinzi huyo ana masharti yake: haogeshwi, hanyolewi, habadilishwi nguo. Uchafu wake ndio kufuli. Anayemwogesha anaivunja kufuli, mali inakimbia, na balaa linamhamia yeye aliyeshika sabuni.

Sasa tazama sisi tulivyonaswa. Baba yangu alinunua mashine ya kusaga mwaka ambao kahawa ilikubali. Ilikuwa ya dizeli, ya kuzungusha kwa hendeli, na ikiwaka mlio wake ulisikika hadi ng'ambo ya mto. Kabla ya hapo akina mama walibeba mahindi kichwani mpaka Mlowo, wakarudi na unga jioni. Walimshukuru Baba kwa vigelegele. Mwezi wa pili wa mashine, dada yake Baba, Shangazi Roda, akarudishwa nyumbani na watu wa kwa mumewe. Alikuwa amejifungua mtoto, mtoto akafa kabla hajapewa jina, na tangu hapo alikuwa halali, hali, anazungumza na watu ambao hawapo. Mumewe alimsindikiza mpaka njia panda, akamwacha hapo na furushi lake la nguo. Ungemwuliza mtu yeyote kijijini Roda alianzwa na nini, angekujibu: mashine. Yule mtoto hakuna aliyemtaja.

Kabla ya kuolewa, Shangazi ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya. Alikuwa na rafiki wa kufa na kuzikana, Mama Jeni, jirani yetu, ambaye alikuwa akiimba sauti ya pili. Walivaa vitenge vya sare, walisukana nywele, na Shangazi alipoolewa Mama Jeni ndiye aliyelia kuliko Bibi. Namtaja mapema kwa sababu nina neno naye, na nitalisema.

Shangazi aliporudi hakutaka kukaa ndani. Banda la mashine lilikuwa la mabanzi, na nyuma yake Baba alikuwa ameegesha kibanda kidogo cha kuwekea pumba. Shangazi akajichagulia hapo. Asubuhi Baba akizungusha hendeli, yeye huyo, anakwenda kukaa juu ya viroba vya pumba, mgongo kwenye ukuta, upande wa injini. Unga ulimdondokea mchana kutwa. Nywele zikashikana zikawa kitu kimoja, kama tambara la kupigia deki lililokauka juani. Jioni Baba akizima, Shangazi alianza kuzunguka uwanja huku ameziba masikio, analia, anajibizana na hewa, mpaka usingizi umwangushe popote.

"Unaona?" watu walisema kwenye foleni, ndoo za mahindi miguuni. "Hatoki hapo. Analinda."

Bibi yangu, mama yake mzazi, naye aliamini. Hili lilikuwa chungu kuliko yote. Bibi alikuwa amekwenda kwa mganga kimyakimya, na huko akaambiwa alichoambiwa. Hakuwa na herufi R kinywani, alisema "Loda" mpaka anakufa, na bado namsikia akimwonya Mama yangu pale jikoni, kijiti cha moto mkononi: "Siku mtakayomwogesha Loda, mashine itanyamaza. Nimekwambia wewe mke wa mwanangu, usije ukasema hukuambiwa." Alimpenda binti yake. Alimpelekea ugali kila siku, akauweka chini hatua tano mbali naye, akarudi kinyumenyume. Lakini alishaamini kwamba mwanawe wa kiume ndiye aliyemfanya binti yake hivyo. Muda wote ule Bibi hakula unga wa mashine ya Baba. Alitwanga wake kwenye kinu, mzee wa watu, na sisi tukimsikia.

Na Baba? Baba yangu ni mtu wa maneno machache, na yale machache yakamwisha. Angemwogesha dada yake, watu wangesema ndagu imemshinda, anataka kuivunja. Asipomwogesha, si ndiyo ushahidi wenyewe? Halafu mwanamume atamwogeshaje dada yake? Alibaki kumwaga mahindi kwenye mashine na kuinamisha kichwa. Mama yangu, ambaye kwa mdomo hajapata wa kumshinda tangu aolewe, kwa jambo hili aliufyata. Alikuwa na watoto wadogo. Alimwogopa Mungu, lakini ndagu aliiogopa zaidi kidogo.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Wiki za kwanza nilipigana shuleni kila waliponiita mtoto wa ndagu. Nilirudi nyumbani na sketi imechanika. Kisha nikachoka. Nikaanza kupita mbali na kibanda cha pumba, na Shangazi akiniita jina nilijifanya sisikii. Sikumwita Shangazi tena. Nilisema "yule", kama walivyosema wengine.

Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa miaka miwili. Hakuna mchungaji aliyeingia kile kibanda. Hakuna mzee wa kitongoji, hakuna mwanakwaya. Walikuja kusaga, wakasaga, wakaondoka na unga wao mweupe.

Kisha akaja Mama Zuhura. Huyu hakuwa mtu wa kwetu. Alizaliwa Kigoma, akaolewa na dereva wa malori, wakapanga Mlowo, na kazi yake ilikuwa kununua maharage vijijini na kuyapeleka Tunduma. Siku hiyo alikuja kupima maharage ya Mama, akamwona Shangazi.

"Yule ni nani, Mama Eda?"

"Wifi yangu," Mama alisema, akapunguza sauti. "Mgonjwa."

"Pole yake. Anatumia dawa gani?"

Mama akabaki ameshika debe. Katika muda wote ule hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza swali hilo. Walimwuliza kama Baba ameacha kwenda kanisani, kama kuna chumba ndani kisichofunguliwa, kama kweli tuna nyoka. Dawa, hapana.

Mama Zuhura akakaa juu ya gunia lake na kusema habari za kaka yake. "Alikuwa hivi hivi. Anatembea uchi sokoni, mama yangu anajifunika uso kwa kanga. Tukampeleka hospitali. Sasa hivi anachomwa sindano kila mwezi, anashona nguo, ana mke, na wanagombana kama watu wote."

"Na mlimwogesha?" Mama aliuliza.

"Tulimwogesha ndiyo. Kwani alikuwa sukari, angeyeyuka?"

Nilikuwa nachambua maharage pembeni, na nilimwona Mama anacheka, kisha anaona aibu kwa kucheka. Walipanga hapohapo. Jumatatu watampeleka Shangazi hospitali. Lakini konda gani angempakia katika hali ile? Basi Jumamosi wangemwogesha na kumnyoa. Mama Zuhura angekuja na mkasi.

Jumamosi ilikuwa siku ya foleni ndefu, na nadhani Mama alikusudia hivyo. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu mwoga akishachoka na woga wake hufanya jambo mbele za watu ili asiweze kurudi nyuma. Alichemsha maji kwenye sufuria kubwa ya misiba. Akayatoa nje mchana kweupe, yeye na Mama Zuhura wameshika kila mmoja upande wake, wakapita mbele ya foleni bila kusalimia.

Walitaka kumpeleka nyuma ya migomba, penye faragha. Shangazi akakataa. Akang'ang'ania ukuta. "Hapa hapa," alisema. "Hapa hapa." Basi wakafunga turubai kwenye mabanzi na kumwogeshea hapohapo, injini inaunguruma nyuma ya ukuta.

Mimi nilichungulia. Niliona nywele zinaanguka kwa vipande vikubwa. Niliona vidonda vya zamani chini yake, na Mama Zuhura akivipitia polepole huku anamsemesha. Mama aliponyokwa na sabuni, akaiokota, akaendelea. Kichwa kilipobaki kitupu, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: Shangazi ana masikio ya Baba. Yaleyale, yametoka nje kidogo. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifanya nilie.

Mama naye alikuwa analia, na kwa kuwa wifi ni wa kutaniwa, akamtania. "Wifi, uchafu huu wote wa nini? Hapa mgongoni pako ningepanda mahindi, nikavuna."

Shangazi akacheka. Kicheko chake cha zamani, cha juu, cha mwanzisha nyimbo.

Foleni yote ilikisikia. Mama Jeni alikuwa wa tatu. Alitazama turubai, akatazama maji machafu yanayotiririka kuelekea kwenye miguu yao, akaruka nyuma kana kwamba ni moto. Akajitengenezea kata kwa kitenge, akajitwisha ndoo yake ya mahindi ambayo hayajasagwa.

"Mimi na wanangu hatumo," alisema.

Wa nne akabeba yake. Wa tano. Hawakugombana, hawakutukana, waliondoka mmoja mmoja kwa adabu, kama watu wanaotoka ibadani. Baba alisimama mlangoni pa banda, amejaa unga mpaka kope. Mahindi ya mwisho yakaisha. Mashine ikaanza kugonga chuma kwa chuma, maana ilikuwa inasaga hewa. Akasubiri kidogo, akitazama njia. Kisha akazima.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Bibi alikuwa amesimama mlangoni pa jiko lake. "Niliwaambia," alisema. Akaingia ndani.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Onyo la Bibi lilitimia. Lilitimia neno kwa neno, na mpaka leo kuna watu kijijini wanaolitolea mfano: si mnakumbuka, walimwogesha tu, mashine ikanyamaza. Naam, ilinyamaza. Mkanda ulikuwa mzima. Dizeli ilikuwemo. Mizimu haikugusa hata msumari. Mashine ilinyamazishwa na wanawake wazima, wenye akili timamu, waliomwona mwenzao anaoshwa vidonda wakabeba ndoo zao wakaenda. Wao ndio waliolitimiza, halafu wakashangaa kwamba limetimia.

Na mimi pia nilikuwa na fungu langu.

Shangazi alitoka nyuma ya turubai amevaa gauni la Mama, kichwa kinang'aa. Kwa dakika moja alikuwa mzuri. Kisha nikaona uso wake unabadilika. Akaweka mikono masikioni. Mama na Mama Zuhura walikuwa wanamwaga maji upande wa pili. Mimi nilikuwa kwenye kijia cha migomba, na yeye akanijia mbio, akanishika mabega.

"Eda, mbona wamezima? Waambie wawashe. Waambie wawashe mashine."

Ilikuwa mara ya kwanza ananigusa tangu arudi. Mikono yake ilikuwa inanukia sabuni. Angekuwa ananitisha ningeelewa, lakini alikuwa ananiomba, mtu mzima anamwomba mtoto. Nami nilimponyoka nikakimbia. Ningekimbilia kwa Baba, hatua ishirini tu. Lakini nilikimbia barabarani, nikawafikia akina mama wa foleni, nikapiga kelele kwa sauti ambayo hadi leo wanafunzi wangu wanaijua.

"Shangazi anasema wawashe mashine! Anataka mashine iwashwe!"

Mama Jeni akatua ndoo yake ili asikie vizuri. "Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo. Amenishika."

"Mmesikia wenyewe," akawaambia wenzake. "Mtoto hasemi uongo. Mlinzi anadai mali yake."

Kabla ya saa saba mchana kijiji kizima kilikuwa na habari hiyo. Na niliporudi nyumbani, nikijiona mtu wa maana kwa sababu wakubwa walinisikiliza, Shangazi Roda hakuwepo.

Kwetu ng'ombe akipotea, vijana wanagawana njia, wengine juu, wengine bondeni, na hakuna anayelala mpaka apatikane. Nimeliona hilo kwa macho yangu mara nyingi. Shangazi yangu alipopotea walitoka watu watatu: Baba, Mama, na mnunuzi wa maharage kutoka Kigoma. Baba alizunguka mashamba ya kahawa mpaka sauti ikakauka. Mama aliwauliza makonda Mlowo, akawauliza Vwawa. Jumatatu ya hospitali ikapita. Mchungaji alituma salamu kwamba anatuombea.

Siku ya tano mume wa Mama Zuhura akarudi na lori. Alisema ameona mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa kule Tunduma, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mama na Mama Zuhura wakapanda gari la kwanza. Yaliyotokea huko sikuyaona, lakini Mama ameyasimulia mara nyingi na hajawahi kubadilisha hata neno.

Walimkuta ameketi chini, mgongo kwenye tairi la lori lililokuwa linaunguruma. Gauni la Mama lilikuwa jeusi kwa oili. Dereva, Mzambia wa makamo, alikuwa amempa mkate na maji, naye ndiye aliyewaambia kwa Kiswahili chake cha mpakani: "Bamayo, mama zangu, huyu mtu yenu hana taabu. Lakini mimi nikizima injini, yeye anaenda gari ingine yenye kuwaka. Kila siku ni hivyo."

Mama Zuhura akachuchumaa. "Roda, hapa kuna nini?"

"Hapa hawasikiki."

"Akina nani?"

"Wale. Wanaosema nilimlalia mtoto." Akalipapasa tairi. "Ikiwaka hawasikiki. Hata kwa kaka, ikiwaka hawasikiki."

Mama anasema alikaa chini palepale, kwenye oili. Miaka miwili. Miaka miwili mtu amekaa mgongo ukutani, anatafuta kelele ya kufunika sauti zinazomwambia kwamba ameua mtoto wake, na kijiji kizima kinapita mbele yake kila asubuhi na ndoo, kinasema analinda mali. Mtu mmoja tu angeuliza. Swali lenyewe ni fupi kuliko salamu.

Wakampeleka hospitali wakitokea Tunduma vilevile, bila kurudi nyumbani. Akalazwa wiki kadhaa. Huko walimpa dawa, na zaidi ya dawa kulikuwa na muuguzi aliyemkalisha akamwuliza jina ambalo angependa mtoto wake aitwe. Akalisema. Ni siri yake na sisi wa nyumbani, sitaliandika.

Baba alielezwa habari za injini. Siku Shangazi aliporudi, tulimsikia Baba anazungusha hendeli kabla hajanywa uji. Mashine ikawaka. Hapakuwa na mahindi ya mtu yeyote. Aliiacha inaunguruma tu, akaenda kumpokea dada yake njia panda, palepale alipoachwa na mumewe. Asubuhi iliyofuata akawasha tena, na iliyofuata. Watu walicheka: sasa ndagu inamla yeye mwenyewe, anasaga upepo. Shangazi alikuwa analala ndani sasa, anakula, lakini saa za asubuhi sauti zilikuwa bado zinamjia, na wakati huo alikwenda kukaa kwenye ukuta wake mpaka zipite. Mama alikaa naye wakichambua maharage. Baba alichoma dizeli.

Nilikuwepo siku ndoo ya kwanza iliporudi. Haikuwa hata ndoo. Ilikuwa ungo, na aliyeubeba alikuwa Bibi. Mama alikuwa amemwambia yale maneno ya Tunduma, kuhusu mtoto. Bibi aliwahi kuzika watoto wake wawili wachanga, na nadhani alijua sauti za namna hiyo kuliko alivyotaka kukiri. Alisimama mbele ya Baba, hakumtazama usoni.

"Saga," alisema.

Baba akasaga. Unga ulipokuwa unashuka Bibi alizunguka nyuma ya banda, akazipita zile hatua tano, akaketi juu ya kiroba karibu na binti yake. "Loda mwanangu," nikamsikia. Mengine mashine iliyafunika, nami nikaondoka kwa sababu hayakuwa yangu.

Wengine nao walirudi baadaye, mmoja mmoja. Sitawapamba. Hawakurudi kwa toba. Walirudi kwa sababu Mlowo ni mbali na shingo zinauma.

Shangazi Roda yupo mpaka leo. Ana shamba lake la kahawa, ana kuku wanaomsumbua, na kila mwezi anakwenda kliniki, siku hizi kwa bodaboda, akimkaripia dereva njia nzima. Kuna miezi mibaya. Ikija, tunaijua kwa dalili, na wa nyumbani tunapokezana kukaa naye. Kwaya ilimrudisha, kwanza benchi la nyuma, kisha la mbele. Na Mama Jeni amesimama kanisani, nimemsikia kwa masikio yangu, akatoa ushuhuda: "Bwana asifiwe! Mnamwona dada yetu Roda? Tulimwombea, tukakesha, Mungu akamponya." Watu wakasema amina. Mimi nilitoka nje, maana ningebaki ningesema jambo lisilosemwa kwenye nyumba ya ibada. Mungu alikuwepo hata ile Jumamosi, Mama Jeni. Alikuwa nyuma ya turubai, kwenye maji machafu uliyoyaruka.

Likizo ya mwezi wa sita mwaka huu nilikwenda nyumbani kusaidia kuchuma kahawa. Kijiji sasa kina umeme, kuna mashine tatu, na ile ya Baba imebaki chuma cha kuku kulalia. Vijana wana simu, wanajua habari za dunia nzima. Na nyuma ya duka kubwa la jumla, kwenye makasha matupu, nikamwona msichana, Tabu, binti wa mwenye duka. Ana miaka ishirini hivi. Nywele zake zimeshikana kitu kimoja. Nikamwuliza kijana wa duka ana nini. Akanijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Si ndagu ya mzee, mwalimu. Haguswi yule."

Sikununua nilichokwenda kununua. Nilirudi nyumbani nimefura, nikamkuta Shangazi anakoleza moto uani. Na sijui kwa nini, baada ya miaka yote, siku hiyo ndiyo siri yangu ilinitoka. Nikamwambia ni mimi. Kwamba aliponiomba niwaambie wawashe, sikumwambia Baba, nilikwenda kuwaambia wale, na ndiyo maana hakuna aliyemtafuta. Nililia kama ile siku nilipoyaona masikio yake.

Shangazi alisukuma kuni ndani. "Najua," alisema. "Nilikusikia. Una sauti kubwa, Eda, tangu utotoni."

"Nisamehe, Shangazi."

"Hukusema uongo. Nilisema wawashe. Wewe ulipeleka maneno yangu kama nilivyoyasema, na waliopokea walikuwa watu wazima. Hawakuuliza kwa nini." Akatia kidole kwenye sufuria kuonja joto la maji. Ndipo nilipoona kando yake beseni, mkasi, wembe mpya ungali kwenye karatasi, na kipande cha sabuni. "Wewe ulikuwa mtoto. Sasa si mtoto. Shika ndoo."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa Tabu. Jana nilikaa naye. Nimemwuliza wanamwambia nini, akaniambia. Baba yake nimemwambia nakuja, ana hofu, lakini hajakataa."

Tukatoka, yeye mbele na beseni, mimi nyuma na ndoo ya maji ya moto. Njia ya kwenda dukani inapita kwa Mama Jeni. Alikuwa barazani na majirani wanne, wanapukuchua mahindi, ndoo zao zimepangwa ukutani.

"Eda mwanangu, karibu! Mnakwenda wapi na maji ya moto, jamani?"

Nilisimama katikati ya njia. Nikapaza ile sauti yangu ya miaka tisa, ili wasikie hadi ng'ambo ya mto.

"Tunakwenda kumwogesha Tabu, Mama Jeni. Ndoo zenu si hizo hapo?"

Maji yalikuwa yanapoa, tukaendelea na njia.